Baba Amekwenda Mkutanoni

Mazungumzo ya redioni ya wakati wa likizo ya Desemba
Masomo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Marko 10:13-16

  

Huu ni wakati wa likizo. Shule zimefungwa na watoto wamejaa nyumbani. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliniuliza juzi, "Padre, hizi shule zitafunguliwa lini?" Nikamjibu, "Mama, zimefungwa juzi tu!" Tukacheka. Huku kwetu Mombasa miezi hii ni ya joto, upepo wa kaskazi unavuma, na mtoto hawezi kutulia ndani ya nyumba. Atataka kutoka. Atataka kucheza. Tena atataka mtu wa kucheza naye.

Leo ningependa kusema juu ya jambo ambalo pengine hamkutazamia kulisikia kinywani mwa kasisi, yaani kutembea na kucheza na watoto. Wala sitasema kama mwalimu. Nasema kama mwanafunzi aliyechelewa kufika darasani.

Mungu amenijalia watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka saba, na mdogo wake ni mvulana wa miaka minne. Jioni moja, mwanzoni mwa likizo, nilirudi nyumbani mapema kuliko desturi yangu, kwa sababu mkutano fulani ulikuwa umeahirishwa. Nilipita mlango wa nyuma, nikawasikia uani wakicheza. Walikuwa wametundika leso mbili za mama yao chini ya mwembe, ndiyo nyumba yao. Mtoto wao alikuwa wa matambara. Binti yangu alikuwa mama, na ndugu yake alikuwa baba. Nikasimama nyuma ya mlango nisiwakatize.

Kijana akachukua mkoba wangu wa zamani, akautia kwapani, akakunja uso, akasema, "Nimechelewa. Nakwenda mkutanoni." Akatoka katika nyumba ya leso, akaenda kukaa juu ya jiwe kando ya tangi la maji. Dada yake akapika, akamlisha mtoto, akamwogesha, akamwimbia. Ndugu yake yuko pale pale juu ya jiwe, mkoba magotini. Baada ya kitambo akaita, "Dada, nirudi sasa?" Dada yake akajibu, "Bado. Baba harudi mpaka mtoto alale."

Ndugu zangu, nimehubiri miaka mingi, nami nimesikia mahubiri mengi makali. Sijapata kusikia hubiri lililonichoma kama lile. Wala watoto hawakuwa wakinisema. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wakicheza tu yale waliyoyajua juu ya baba. Baba ni mtu mwenye mkoba. Baba huchelewa. Baba hurudi mtoto akiisha kulala.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikumbuka kwamba katika likizo ya Agosti niliwaahidi watoto hawa kuwapeleka baharini. Sisi tunakaa kisiwani, bahari imetuzunguka pande zote, na mtoto wangu mdogo alikuwa hajapata kutia mguu katika maji ya chumvi pamoja na baba yake! Agosti ilipita. Kulikuwa na semina, kisha maziko mawili, kisha arusi. Kila mara nilisema, "Kesho." Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Nilikuwa mdeni wa watu wawili wasioweza kunipeleka kortini.

Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Kila Jumatatu ya likizo hii, mimi si wa mkutano. Mimi ni wa watoto." Akanitazama kwa muda, akasema, "Baba watoto, usiwaambie kwanza. Wachukue tu." Mnaona alivyonifahamu. Alitaka kuona matendo kabla ya maneno.

Jumatatu ya kwanza tulikwenda Likoni. Tulivuka kwa feri pamoja na umati wa watu, na kwa kuwa mwenda kwa miguu huvuka bure, safari yetu haikuanza kwa gharama. Mimi nimevuka feri ile mara nyingi sana, nikisoma karatasi zangu bila kuinua macho. Siku ile nilivuka na mtoto wa miaka minne mabegani, na nikaona mambo. Niliona meli kubwa ikiingia Kilindini, mwewe akielea juu yetu, baiskeli zenye makreti ya mikate, na mzee kipofu anayeongozwa na mjukuu wake. Kila kitu niliulizwa: meli imetoka wapi? Kwa nini feri haizami? Yule mzee anajuaje kwamba tumefika?

Kutoka hapo tukaenda ufuoni, Shelly Beach, wakati wa maji kupwa. Wale ndugu zetu wa bara ambao hawajaona jambo hili niwaeleze. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Ikipwa, maji hurudi nyuma mbali sana, na miamba hubaki wazi na vidimbwi vidogo vidogo vya maji. Ndani ya kila kidimbwi kuna kijiji kizima. Tuliona kiti cha pweza chenye mikono mitano, visamaki vyenye milia, na kaa mdogo aliyefanya makao katika ganda la mwenzake aliyekufa. Binti yangu akauliza, "Baba, nani ameyaondoa maji?"

Basi nikachuchumaa nikamweleza. Nilimwambia jinsi mwezi unavyoyavuta maji ya bahari, na kwamba mwezi uandamapo na uwapo mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, ndipo maji hupwa sana na kujaa sana, nasi watu wa pwani huita bamvua. Akafikiri, kisha akasema, "Kwa hiyo Mungu aliuweka mwezi kule juu ili sisi tuwaone hawa samaki wadogo?" Nilitaka kumsahihisha. Nikanyamaza. Nilikumbuka kwamba katika Zaburi ya 104 mwandishi anaitazama bahari, anaona merikebu zikipita, anamtaja hata yule mnyama mkubwa wa vilindini, na asema kwamba Mungu alimfanya ili acheze humo. Acheze! Nilikuwa nimeisoma zaburi hiyo miaka mingi bila kulitia neno hilo moyoni. Mungu aliumba bahari kwa ajili ya merikebu, kwa ajili ya samaki, na pia kwa ajili ya mchezo.

Mwisho tukajenga nyumba za mchanga. Nilikunja suruali, nikapiga magoti, nikachimba handaki kwa mikono ili maji yaingie. Nilipoinua kichwa nikamwona mzee mmoja wa kanisa letu amesimama kwa mbali, amejishika kiuno, ananitazama. Akainua mkono kunisalimu, akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, mzee yule alinijia nilipokuwa navua kanzu. Akasema, "Padre, Jumatatu nilikuona." Nikasema moyoni, haya, sasa nitaambiwa juu ya heshima ya kasisi. Nikatayarisha jibu. Lakini mzee hakunikemea. Alikaa kwenye benchi akasema, "Mimi nimezaa watoto watano. Niliwasomesha wote. Hakuna aliyelala njaa hata siku moja. Sasa wako Nairobi na Nakuru, nao hunipigia simu sikukuu hata sikukuu. Tukiisha kuulizana hali, hatuna neno la kuongeza. Nilipokuona pale mchangani nilijaribu kukumbuka siku moja tu niliyocheza nao. Padre, sikuikumbuka." Akafuta miwani yake, akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, sisemi kwamba mzee huyu alikuwa baba mbaya. Alikuwa baba mwema. Chakula alikitafuta, karo alilipa, na kanisani aliwaleta. Nasema tu kwamba kuna jambo moja ambalo halinunuliwi kwa mshahara wala halilipwi kwa malimbikizo. Ukikosa kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, utalipa mwezi ujao. Lakini mtoto wa miaka minne ana mwaka mmoja tu wa kuwa na miaka minne.

Jumatatu ya pili tulikwenda Bamburi, kwenye bustani ya wanyama iitwayo Haller Park. Kiingilio pale si bure, nasi tuliweka akiba kidogo kidogo ili tukapate. Mahali pale zamani palikuwa shimo la kuchimba mawe ya kutengenezea saruji. Palikuwa jangwa jeupe la mawe matupu lisilo na udongo. Mwaka 1971 bwana mmoja aitwaye René Haller alianza kupanda miti humo. Miti mingi ilikufa, lakini mvinje ulishika. Tatizo likawa kwamba majani ya mvinje yalianguka yakakaa juu ya mawe bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo. Majongoo wakayala yale majani, wakayageuza kuwa mbolea, na udongo ukaanza kupatikana. Leo pale pana msitu, mabwawa, ndege, viboko na twiga.

Mtoto wangu mdogo alimpa twiga chakula mkononi mwake. Alipouona ule ulimi mrefu mweusi alipiga kelele, akajificha nyuma ya mguu wangu, kisha akasema, "Tena, Baba!" Lakini hadithi iliyowashika zaidi ni ile ya Owen na Mzee, ambayo wengine wenu mliisikia zamani. Mwezi wa Desemba mwaka 2004, mtoto wa kiboko alipotezana na wenzake, akakwama baharini karibu na Malindi, siku zile zile mawimbi makubwa ya tsunami yalipofika pwani yetu. Wavuvi na wanakijiji na maofisa wa wanyama wa pori walimwokoa kwa taabu nyingi tarehe 27, wakamleta Bamburi. Wakampa jina la Owen. Hakuwa na mama, hakuwa na ndugu. Alipofunguliwa alimkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, jina lake Mzee, akajificha nyuma yake kama mtoto anavyojificha nyuma ya mama.

Je, kobe alifurahi? Hata kidogo! Mwanzoni alimwepa, akaenda zake. Yeye ni mzee, ana desturi zake, na hakuomba kupewa mtoto. Lakini kiboko alimfuata. Alipokwenda hapa, yupo. Alipokwenda pale, yupo. Baada ya siku chache wakawa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, na kulala ubavu kwa ubavu. Picha zao zilikwenda dunia nzima.

Nilipowaeleza watoto habari hiyo, binti yangu aliuliza, "Mzee alimfundisha nini Owen?" Nikasema, "Alimwonyesha majani ya kula na mahali pa kulala." Akauliza, "Kwa maneno?" Nikasema, "La. Kwa kumwacha amfuate."

Hapo ndipo nilipolielewa somo letu la Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ambalo nililisoma chuoni nikaliandikia insha ndefu. Musa awaambia wana wa Israeli wawafundishe watoto wao amri za Bwana. Lakini angalia anataja saa gani za kufundisha. Anataja nne: mzazi aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo, na aondokapo kitandani. Hapo hasemi, mpeleke mtoto kwenye hema ya kukutania, ukamwache kwa kuhani, urudi kwenye shughuli zako. Anasema habari za nyumba na njia. Maana yake mtoto hupata kumjua Mungu kwa kumfuata mtu mzima anayemjua Mungu, akiwa karibu naye kiasi cha kuuliza maswali. Sasa kama mzazi haketi nyumbani, na njiani hatembei na mtoto, na arudipo mtoto amelala, na aondokapo mtoto hajaamka, saa zote nne za Musa zimekwisha. Imebaki shule ya Jumapili peke yake, nayo ni saa moja kwa juma.

Nasema haya hasa kwa watumishi wa kanisa wenzangu, na wazee, na wanakamati, na wainjilisti. Kumbukeni kuhani Eli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Ni Eli aliyemfundisha mtoto Samweli kuitambua sauti ya Mungu. Mtoto wa mwanamke mwingine alimfundisha vema. Lakini wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi, Biblia yasema hawakumjua Bwana. Habari hiyo inanitisha kuliko nyingine nyingi katika Agano la Kale, kwa kuwa Eli hakuwa mpagani. Alikuwa kazini.

Pengine mtu atasema, "Lakini kazi ya Mungu ndiyo ya kwanza." Naam, ni kweli. Basi mtazame Bwana Yesu mwenyewe katika Marko sura ya 10. Watu walimletea watoto, na wanafunzi wakawakemea. Sidhani kwamba wanafunzi walikuwa wakali kwa tabia. Walikuwa wakimlinda mwalimu wao. Alikuwa na shughuli nzito. Katika sura hiyo hiyo, mistari michache mbele, tunamwona njiani kwenda Yerusalemu, na huko alikuwa akiendea msalaba. Tangu dunia iumbwe hajatokea mtu mwenye kazi kubwa kuliko ile, wala mwenye haki zaidi ya kusema, "Kesho." Naye alisimama. Tena alichukizwa na wale waliowazuia, akawakumbatia watoto, akaweka mikono juu yao, akawabarikia. Mahali pengine, katika Mathayo sura ya 11, awataja watoto wanaokaa sokoni wakicheza, wakiigiza arusi na kuigiza maziko, wakigombana kwamba wenzao hawataki kucheza. Aliijuaje michezo yao? Alipita akasimama akawatazama. Mwokozi wa ulimwengu alikuwa na nafasi ya kutazama watoto wakicheza.

Nimebakiza safari moja ya kuwaeleza. Jumatatu ya tatu hatukwenda mbali. Tulivuka daraja la Nyali tukaenda mahali lilipo kaburi la Rosine Krapf. Wengi wenu mnalijua jina la Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa CMS aliyefika Mombasa mwaka 1844, ambaye mwaka uo huo alianza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Mimi nilifanya mtihani juu yake, nikafaulu. Nilijua miaka yake na safari zake. Lakini kati ya yale niliyoyakariri, moja sikulitafakari kamwe: kwamba Krapf alikuwa baba. Mwezi wa Julai mwaka huo wa 1844 mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike hapa Mombasa. Homa ikamshika mama, akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa ng'ambo ya maji, mkabala wa kisiwa.

Nilidhani watoto wangu watachoka upesi mahali pale, kwa maana hapana bembea wala twiga. Lakini binti yangu alisimama kimya, akauliza, "Yule mtoto alicheza?" Nikamwambia, "La, mwanangu. Aliishi siku chache tu." Akauliza, "Na baba yake akabaki peke yake?" Nikasema, "Ndiyo. Akabaki peke yake, na kazi yake akaiendeleza." Ndipo yule mdogo akatia mkono mfukoni, akatoa gome dogo la baharini alilolitunza tangu Likoni, akaliweka pale. Akasema, "La mtoto."

Sikuweza kusema kitu. Nilishika mikono yao miwili, mmoja huku na mmoja huku, na mikono ilikuwa na joto na jasho na mchanga. Nikawaza, Krapf alikuwa na mkutano mmoja tu na mtoto wake, wa siku chache. Mimi nimepewa miaka saba tayari, nami nimeitumia mingi nikiwa juu ya jiwe kando ya tangi, nikiuliza, "Nirudi sasa?"

Ndugu msikilizaji, yawezekana leo unasema, "Padre, wewe unakaa Mombasa kwenye bahari na twiga. Mimi niko kijijini, sina nauli." Nami nakuambia, katika safari zetu tatu, mbili hazikutugharimu zaidi ya nauli na mihogo ya kukaanga. Na siku ambazo hatukuwa na nauli tulikaa chini ya mwembe. Niliposhindwa mdako na binti yangu mara nne mfululizo, jirani zetu walijua! Kwenu kuna mto, kuna kilima, kuna shamba la bibi. Kuna kibe na gololi na mpira wa matambara. Kuna kishada cha karatasi na njiti za makuti. Mtoto haulizi umelipa kiasi gani. Anatazama kama macho yako yako kwake.

Mwingine atasema, "Mimi ni mama peke yangu, nauza mboga tangu alfajiri hata usiku. Nitacheza saa ngapi?" Mama mpendwa, sikuongezei mzigo. Mungu anaona jasho lako, na watoto wako pia wanaliona. Lakini wachukue mkono mnapokwenda kuchota maji, na uwaache waulize. Njia ile ya kwenda kisimani ndiyo njia aliyoitaja Musa. Na ninyi kina babu na bibi mnaolea wajukuu, msidhani miguu yenye maumivu inawazuia. Kobe wa Bamburi hakuwa na mbio.

Niwaachie mashauri machache. Kwanza, itaje siku, na ukiisha kuitaja, ilinde kama unavyoilinda siku ya mkutano. Pili, usigeuze kila mchezo kuwa mahubiri. Mimi nalikuwa na tabia hiyo, nikaacha. Mtoto akionyesha kaa, tazama kaa. Habari za Mungu atakuuliza mwenyewe, na atauliza vizuri kuliko ulivyotayarisha. Tatu, mkienda kwenye maji, iwe bahari au mto au ziwa, usimwache mtoto hata dakika moja, wala usizungumze na rafiki ukiwa umegeuka. Uliza wenyeji saa ya maji kujaa. Maji hayana huruma kwa mtu aliyesahau. Na nne, kama umewakosea watoto wako, waambie. Mimi niliwaambia wangu tukiwa katika feri, "Baba alisema kesho mara nyingi, na haikuwa vizuri. Nisameheni." Binti yangu alisema, "Haya." Mdogo wake akasema, "Baba, tazama meli!" Msamaha wa watoto ni mwepesi hivyo. Tusiungoje mpaka uwe mzito.

Na wewe mzee ambaye watoto wako wamekwisha kukua, usilie kana kwamba yote yamekwisha. Yule mzee wa kanisa letu alimpigia simu mwanawe wa Nairobi siku isiyo sikukuu. Alisema hakuwa na neno la maana, alimwuliza tu amekula nini. Wamezungumza nusu saa. Tena juzi alikuja uani kwetu na kisu na vijiti, akawafundisha wanangu kuunda kishada. Nabii Zakaria, katika sura ya 8, alipotaka kuonyesha Yerusalemu iliyoponywa na Bwana, hakutaja kuta wala majeshi hapo. Alionyesha wazee wanaume kwa wanawake wameketi katika njia zake, kila mtu na mkongojo wake kwa ajili ya uzee, na njia hizo hizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Hiyo ndiyo alama ya mji ambao Mungu amerudi kukaa ndani yake.

Namaliza. Juma lililopita nilipita tena mlango wa nyuma. Leso zilikuwa zimetundikwa chini ya mwembe. Nikasimama nisikilize, na moyo wangu ulikuwa ukipiga. Mwanangu akachukua mkoba, akautia kwapani, akakunja uso, akasema, "Nimechelewa. Nakwenda mkutanoni." Ndugu zangu, bado ninakwenda mikutanoni, naye anajua. Lakini alipofika kizingitini mwa leso alisimama, akarudi, akamchukua yule mtoto wa matambara, akamfunga mgongoni. "Twende wote," akasema, "kuna meli."

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe husemi kesho tunapokuita. Twakushukuru kwa watoto uliotupa, na kwa bahari na miti na viumbe ulivyoviumba ili nao wafurahi. Utusamehe siku tulizozipoteza. Uwafariji wazazi waliozika watoto wao, na wote waliotamani watoto wasipate. Uwakumbuke watoto wasio na baba wala mama, uwape mtu wa kumfuata. Utufundishe kuketi nao nyumbani na kutembea nao njiani, ili wakitushika mkono sisi wajifunze kuushika mkono wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyewakumbatia watoto akawabarikia. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.